Baina ya Magharibi na Isha: Nyakati za Ibada Kariakoo na Mnazi Mmoja

Mji wa Dar es Salaam uko kiasi cha digrii 7 kusini mwa ikweta, na kwa sababu hiyo jua lake, iwe kaskazi au kusi, huzama baada ya saa kumi na mbili wala halifiki saa moja. Ilhali Mwislamu wa London, ambaye katika miezi ya baridi huingiliwa na magharibi kabla ya saa kumi za jioni, na katika miezi ya joto huingojea hata baada ya saa tatu za usiku, hana budi kuipangua siku yake na kuipanga upya mwaka mzima. Neema hii ya jua lisilohama saa, ambayo wenyeji wa pwani wameizoea hata hawaitaji, ndiyo iliyowawezesha kuzifanya sala tano kuwa nguzo za siku ya kazi. Mwenye duka na mwenye jahazi hawakuagana kwa dakika. Waliagana kukutana baada ya alasiri, na deni lililoahidiwa kulipwa kabla ya adhuhuri lilijulikana kuwa limechelewa mara tu muadhini alipopaza sauti. Basi mji alioanza kuujenga Sayyid Majid bin Said, Sultani wa Zanzibar, katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima, ulikuta siku imekwisha gawanywa.

Mgawanyo huo ulitikiswa na utawala wa Wajerumani. Walipouhamishia mji huu makao makuu yao kutoka Bagamoyo mwaka 1891, na hasa walipoanza mwaka 1905 kuitandaza ile reli iliyofika Kigoma mwaka 1914, ilizuka siku ya namna nyingine, inayoanza kwa kengele na kwisha kwa king'ora, na kibarua akapewa kipande cha kuandikiwa siku 30 za kazi, ambamo kila siku aliyoikamilisha ilitiwa alama na kila siku aliyoikosa ilibaki tupu. Mtu huyu si kwamba alikosa imani. Alichokosa ni milki ya mchana wake, maana mchana huo alikwisha kuuuza. Nami naona ni dhuluma kuwahukumu mahamali wa bandarini wa zama zile kwa kuhesabu ni sala ngapi za adhuhuri walizoziswali kwa wakati wake, bila ya kuuliza ni nani aliyekuwa ameishika saa.

Waingereza waliutwaa mji Septemba 1916, na wapagazi wa jeshi lao, wale wa Carrier Corps, wakapiga kambi mahali ambapo mpaka leo panaitwa kwa jina lao, Kariakoo. Baada ya vita mitaa ya Waafrika ikapangwa hapo kwa mistari iliyonyooka, na baina yake na Uhindini likaachwa eneo la wazi la Mnazi Mmoja, kwa hoja ya afya, lakini kwa maana iliyo dhahiri ya kuwatenga watu kwa rangi zao. Ndani ya viwanja vile vya Kariakoo zikasimama nyumba za Kiswahili za vyumba sita, zenye ukumbi katikati na baraza mbele, na humo wakakaa Wazaramo, Wamanyema, Wangazija, Wanyamwezi na wengineo. Misikiti yao ikainuka hatua chache kutoka sokoni, ule wa Manyema na ule wa Mtoro ikiwa miongoni mwa iliyojulikana zaidi.

Hapo ndipo ilipopatikana hila njema ya kuirudisha ibada mahali pake, na ningependa kuieleza kwa kituo, kwa kuwa haikubuniwa na mtu mmoja wala haikuandikwa na baraza lolote. Mchana ulikuwa wa tajiri na wa serikali. Lakini baina ya magharibi na isha, muda wa saa moja na kitu, hakuna aliyemnunua mtu. Kuli ameshuka kutoka bandarini, karani ametoka afisini, muuza samaki ameosha sinia yake. Wote wako mtaani, msikiti uko karibu, na chakula cha usiku hakijaiva. Muda huo wakapewa walimu. Mwalimu huketi na kitabu cha fiq'hi au cha tafsiri, husoma mstari na kuufasiri kwa Kiswahili, na mtu aliyeshinda akibeba magunia huketi mbele yake akasikiliza, na jioni ya pili akarudi, hata baada ya miaka kadha akawa amehitimu kitabu ambacho hakuwahi kukinunua. Usiku wa kuamkia Ijumaa ukatengwa kwa dhikri za tarika, hasa Qadiriyya, iliyoenezwa pwani hii na Sheikh Uways wa Barawa, aliyeuawa mwaka 1909. Na miongoni mwa makhalifa wakubwa wa tarika hiyo alikuwa Sheikh Ramiya wa Bagamoyo, aliyefikishwa pwani akiwa mtumwa, akachuuza samaki, akasoma, na alipofariki mwaka 1931 alikuwa ameheshimika pwani nzima. Maisha yake yalikuwa hoja tosha kwa kila mchuuzi aliyedhani kwamba elimu ya dini ni ya wenye nafasi.

Watoto nao walikuwa na shida yao, kwa kuwa chuo cha Kurani tangu kale kilifunga Alhamisi na Ijumaa, na shule ya serikali ikafunga Jumamosi na Jumapili, ikazitwaa na asubuhi zote za katikati. Katika miaka ya 1930 jumuiya ya Waislamu iitwayo Al-Jamiatul Islamiyya ilijaribu kulitatua jambo hili kwa kuanzisha shule yenye kusomesha elimu zote mbili. Na mmoja wa waasisi wake, Kleist Sykes, alikuwa mwajiriwa wa reli, yaani mtu aliyeijua vizuri amri ya saa.

Uwanja wa Mnazi Mmoja nao ukageuzwa maana. Katika Mfungo Sita zafa zilitoka mitaani kwa matwari na bendera kuuendea, na Maulidi yakasomwa hapo usiku, wakati ambao kibarua hahitaji kuomba ruhusa ya mtu yeyote. Na watu waliokusudiwa kutenganishwa na uwanja ule wakakaa juu yake bega kwa bega.

Leo nyumba za vyumba sita zimebomolewa moja baada ya moja, na maghorofa ya maduka yamelizunguka lile soko lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Wanaofanya biashara Kariakoo wengi wao hulala Mbagala, Gongo la Mboto au Kimara, na ile saa ya baina ya magharibi na isha, iliyokuwa ya mwalimu na kitabu, sasa wanaimaliza wakisubiri daladala au wakisimama ndani ya mwendokasi, ulioanza kupita Kariakoo mwaka 2016. Hasara hii naihesabu kuwa kubwa kuliko ya nyumba zenyewe, kwa sababu nyumba hujengwa tena.

Hata hivyo ibada haikufukuzwa, imehama saa. Adhuhuri, ambayo kuli wa zamani aliikosa, ndiyo sala inayoijaza misikiti ya katikati ya mji siku hizi: wenye maduka, wasaidizi wao na wateja wao husimama katika safu moja, na mawaidha mafupi hutolewa kabla watu hawajatawanyika. Makanisa ya mjini nayo, likiwamo lile la Kilutheri la Azania lililomalizika mwaka 1902, huwapokea wafanyakazi kwa ibada za alfajiri kabla ya kazi na za wakati wa chakula cha mchana. Mapumziko ya mchana, yaliyowekwa na wakoloni kwa ajili ya chakula na joto, yamekuwa mali ya waumini wa dini zote mbili, na masheikh na wachungaji wanaofundisha leo hawana budi kukipima kitabu chao kwa dakika hizo chache, kama walimu wa kale walivyokipima kwa giza la jioni.