Sindano ya vifundo vya misuli

Sindano ya vifundo vya misuli ni tiba ambayo mganga huchoma sindano nyembamba katika sehemu ndogo ya msuli iliyokaza, ambayo ikibonyezwa huuma na mara nyingi hupeleka maumivu mbali: kifundo cha bega, kwa mfano, huweza kuumiza kichwa. Tiba hiyo ilienezwa hasa na daktari Mmarekani Janet Travell, ambaye pamoja na David Simons alitoa kitabu juu ya maumivu hayo mwaka 1983.

Kwa kawaida hutumika kiasi kidogo cha dawa ya ganzi, kama lidokaini, pengine chini ya mililita 1 kwa kila kifundo. Mwaka 1979 Karel Lewit alionyesha kwamba hata sindano isiyo na dawa huweza kutuliza maumivu. Kwa hiyo kupata mahali penyewe kuna maana kuliko wingi wa dawa. Baadaye mgonjwa hunyoosha msuli huo.

Tiba hii isichanganywe na "sindano ya maumivu", kama ile ya daiklofenaki, inayochomwa takoni na kusambaa mwilini kwa njia ya damu. Ikichomwa pasipofaa, hiyo huweza kujeruhi neva kubwa ya mguu.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye bega, mgongo wa juu na kifua: sindano ikizama mno hutoboa utando wa pafu, na hewa hujaa kifuani. Anayepata kichomi au kukosa pumzi baada ya kuchomwa awahi hospitali, hata kama ni saa kadhaa baadaye. Dawa ya ganzi ikiingia kwenye mshipa wa damu huleta ganzi mdomoni, mlio masikioni, hata degedege. Ndiyo sababu mchomaji huvuta pistoni kwanza aone kama damu inaingia. Haifai penye uambukizo wa ngozi, na anayetumia wafarini amweleze daktari kwanza.

Sindano na bomba ni vya mtu mmoja, mara moja tu, ili kuepusha UKIMWI na homa ya ini B na C.

Jijini Dar es Salaam, wakazi wa Kinondoni na Temeke wana hospitali za rufaa za mkoa za Mwananyamala na Temeke. Taasisi ya mifupa MOI iko Muhimbili. Maduka ya dawa muhimu hayaruhusiwi kuchoma sindano.