Mgongano wa majina (programu za tovuti)

Mgongano wa majina hutokea pale sehemu mbili za programu, zilizoandikwa na watu wasiofahamiana, zinapotumia jina moja kwa vitu tofauti. Katika mifumo ya tovuti inayojengwa kwa moduli, kama Drupal (2001) na WordPress (2003), tatizo hili ni sugu, kwani tovuti moja hukusanya kazi za waandishi wengi.

Chanzo

Mifumo yote miwili imeandikwa kwa PHP, lugha ambayo awali iliweka fanksheni zote mahali pamoja. Programu-jalizi (moduli za WordPress) mbili zikiwa na fanksheni iitwayo tuma_barua, PHP hukataa kuitangaza mara ya pili na kusimamisha kila kitu. Mgeni huweza kuona ukurasa mweupe. Tangu toleo la 5.2 (2019), WordPress humtumia msimamizi barua pepe yenye kiungo cha kuingilia ili aizime programu-jalizi yenye hitilafu.

Huo ni mgongano mwepesi, maana hujitangaza. Mbaya zaidi ni ule wa kimyakimya. WordPress huweka mipangilio ya programu-jalizi katika jedwali moja la hifadhidata, na kila jina huruhusiwa mara moja tu. Mbili zikihifadhi mipangilio yao kwa jina "rangi", moja hufuta ya mwenzake bila onyo, na mwenye tovuti huhangaika asijue kulikoni.

Viambishi awali

Kinga kongwe ni kutanguliza jina la moduli mbele ya kila jina. Drupal iliifanya kinga hii kuwa uti wa mgongo wa mfumo: fanksheni inayoitikia tukio huitwa kwa jina la moduli, kistari cha chini, kisha jina la tukio. Utaratibu ni mzuri, ila una ufa. Katika Drupal 7, moduli "duka" ikiitikia tukio node_insert huandika duka_node_insert. Moduli "duka_node" ikiitikia insert huandika jina lile lile, herufi kwa herufi.

Kwa upande wa WordPress, kiambishi wp_ ni cha mfumo wenyewe na programu-jalizi hazipaswi kukigusa. Baadhi ya waandishi hutumia function_exists kuuliza kwanza kama jina limeshachukuliwa. Kinga hiyo ni dhaifu: ukurasa mweupe huepukwa, lakini programu iliyochelewa huishia kuita fanksheni ya mwenzake, ambayo huenda inafanya kazi nyingine kabisa.

Nafasi za majina

PHP 5.3 (Juni 2009) ilileta nafasi za majina, yaani vyumba vinavyotenga majina ya kila mwandishi, zinazotenganishwa kwa alama ya \. Kanuni ya PSR-4 ya kundi la PHP-FIG (2013) ikazioanisha na folda za faili, na Drupal 8 (2015) ikaifuata. Hata hivyo, nafasi hizo hazilindi majina ya mipangilio wala majedwali. Hayo bado yanahitaji kiambishi.

JavaScript na CSS

Alama ya $ iligombaniwa na maktaba za jQuery na Prototype. Amri ya noConflict huifanya jQuery iiachie. Kwa majina ya CSS hutumika mbinu ya kutoa majina iitwayo BEM, iliyoanzia kampuni ya Yandex ya Urusi.