Katangais ni nani?

Siku tuliyokwenda Chisenga kucheza mpira, mvuvi mmoja mzee alitupokea pale mitumbwi inapofungwa. Akauliza, "Bana, muko batu ya wapi?" Kijana wetu mmoja akajibu mbio, "Tata, tuko ba Katangais." Mwingine akacheka, akamwonyesha mwenzake kidole: "Siye yote, ila huyu hapana. Nkambo yake ni mutu ya Kasai."

Huyo aliyeonyeshwa kidole alizaliwa Pweto. Kasai hajaiona hata siku moja. Alirudisha viatu vyake vya mpira kwenye mfuko, akaenda kukaa mtumbwini. Siku hiyo hakucheza, na sisi tulifungwa.

Mimi nafanya kazi na vijana, na shule yangu iliishia sekondari. Lakini neno lile lilinisumbua, nikaanza kusoma na kuuliza wazee. Nimeona kwamba neno "Katangais" limebadilika maana mara nyingi, na karibu kila mara kuna watu waliolipia.

Mwanzoni Katanga lilikuwa jina la chifu na nchi yake ndogo. Mfalme aliyejulikana zaidi katika eneo lile, Msiri wa Bunkeya, hakuwa mzaliwa wa pale. Alikuwa Mnyamwezi, ametoka upande ambao leo ni Tanzania, amefuata biashara ya shaba na pembe za ndovu. Aliuawa Desemba 1891 na msafara uliotumwa kwa ajili ya mfalme wa Ubelgiji. Wabelgiji ndio walioeneza jina Katanga kwa jimbo zima. Mwaka 1906 ikaundwa kampuni ya Union Minière, na migodi ilitaka mikono. Watu wakaletwa kutoka Kasai, kutoka Rwanda na Burundi, hata kutoka upande huu wa Zambia. Hawakuja kuiba nchi ya mtu. Waliitwa kazini, wakazaa watoto hukohuko.

Mwaka 1958 kikaanzishwa chama cha Conakat. Hapo ndipo neno lilipopata makali. Conakat ilisema kuna Katangais wa kweli na kuna wageni, na kwa wageni walimaanisha zaidi watu wa Kasai. Kiongozi mmoja mkubwa wa chama hicho alikuwa Godefroid Munongo. Na Munongo alikuwa nani? Mjukuu wa Msiri, yule Mnyamwezi! Basi, ndugu msomaji, ukiambiwa mtu fulani si Katangais kwa sababu babu yake alitoka mbali, kumbuka hiyo.

Tarehe 11 Julai 1960, siku 11 tu baada ya uhuru wa Kongo, Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga ni nchi peke yake. Ilikuwa na bendera yenye misalaba 3 ya shaba, ilikuwa na pesa yake na magendarme yake. Hakuna nchi hata moja duniani iliyoitambua. Sasa "Katangais" likawa jina la raia, na hapo likawakataa hata wenyeji. Kaskazini, Waluba wengi walimfuata Jason Sendwe wa chama cha Balubakat, wakakataa kujitenga. Magendarme wakatumwa huko, vijiji vikachomwa. Mwaka 1961 makumi ya maelfu ya watu, wengi wao Waluba, walikimbilia kambi iliyolindwa na Umoja wa Mataifa palepale Élisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi. Kwa hiyo nchi ile ilizalisha wakimbizi ndani ya mji wake mkuu. Januari 1963 ikaisha.

Nchi ilikufa, neno likabaki. Mobutu alijaribu kulifuta, akaliita jimbo Shaba. Hata hivyo, mwaka 1977 na 1978 askari waliotoka Angola kushambulia jimbo bado waliitwa magendarme ya Katanga. Jina la jimbo lilirudi 1997. Lakini kabla ya hapo, mwaka 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Waliitwa "bilulu", yaani wadudu. Walilala kwenye vituo vya treni wakingoja mabehewa, na wengine walifia hapo. Wengi wao walikuwa wamezaliwa Katanga. Miaka ya baadaye kikaja kikundi cha Kata Katanga, maana yake ikate iwe peke yake, na vijiji vya Pweto, Mitwaba na Manono vikaungua. Waliosema wanaipigania Katanga waliwachomea nyumba watu wa Katanga.

Tangu 2015 jimbo limegawanywa mara nne: Haut-Katanga, Tanganyika, Lualaba na Haut-Lomami. Katanga nzima haipo tena kwenye ramani. Ipo midomoni mwetu tu.

Kwa wafanyakazi wa mashirika nina ombi moja. Msiandike "Katangais" kama vile ni kabila. Muulize mtu amekimbia kutoka kijiji gani na anaogopa nini kule. Mtu wa Moba na mtu wa Lubumbashi wanaweza kutumia neno hilo moja na kila mmoja akawa na maana yake.

Kwa vijana wenzangu: Kiswahili chetu kinatosha. Tukisema "mutu ya Katanga", hiyo "ya" inaonyesha mtu alikotoka. Haipimi damu. Kule Chisenga wenyeji hawakujua tofauti zetu, kwao sisi sote ni watu wa Kongo.

Jumamosi iliyofuata, kabla ya mazoezi, nilimwomba kila mchezaji aseme nkambo zake wanne walizaliwa wapi. Tulikuwa 14. Hakuna hata mmoja aliyetaja sehemu moja kwa wote wanne. Yule aliyecheka Chisenga alitaja Kigoma, akanyamaza kidogo. Kisha akamtupia mpira yule wa Pweto, akamwambia, "Yaya, leo cheza namba kumi."