Waliomfuata Kifaru kwa Miguu

Makueni ya mwaka 1944 ilikuwa pori la miiba, mbung'o na vifaru. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeamua kuwahamishia huko Wakamba waliobanana Machakos, ambako mashamba yalikuwa yamechoka na udongo unakwenda na mvua. Ili watu waingie, ilibidi vifaru watoke. Kazi ya kuwatoa akapewa J. A. Hunter, mwindaji Mskoti aliyeajiriwa na idara ya wanyama. Hadi mwisho wa 1946 alikuwa amehesabu vifaru 996 waliouawa.

Hesabu hiyo hutajwa sana, na kila inapotajwa, sifa au lawama humwendea mwenye bunduki. Lakini katika vichaka vile mtu haoni hatua kumi mbele. Hunter asingefika mbali bila Wakamba waliotangulia wameinama, wakisoma nyayo. Historia ya kifaru nchini Kenya tumezoea kusimuliwa kupitia majina ya wazungu wenye mashamba, ndege na wafadhili. Mimi naiona zaidi kuwa historia ya watembea kwa miguu, kwa sababu ujuzi uliotumika kummaliza mnyama huyu ndio huohuo unaomweka hai leo.

Ni ujuzi wa mambo madogo. Wayo wa kifaru una alama za vidole vitatu, na ngozi ya chini ina nyufa zisizofanana na za kifaru mwingine yeyote, kama alama za vidole vyetu. Aliyezizoea atakutajia mwenyewe kabla hajamwona. Kinyesi nacho kinasema. Kifaru mweusi hula matawi, si nyasi, na vijiti katika kinyesi chake vimekatwa mshazari, tofauti na vya ndovu ambavyo hutoka vimechanika ovyo. Vikiwa bado vibichi na mavi yana joto, sauti hushuka na vumbi hurushwa juu kupima upepo. Macho ya kifaru ni dhaifu. Pua na masikio ni habari nyingine.

Tena ana mlinzi. Ndege anayemtoa kupe mgongoni Waswahili humwita askari wa kifaru, na jina hilo limethibitishwa na sayansi: watafiti waliomwendea kifaru mweusi kwa miguu huko Afrika Kusini waligundua kwamba asiye na ndege hushindwa kuwatambua watu mara nyingi, na akiwatambua huwa wamemkaribia kwa wastani wa mita 27. Mwenye ndege aliwatambua kila mara, wakiwa bado mita 61. Ndege akilia, kifaru hugeukia upande ambao upepo hauleti harufu. Hapo mwenye busara huwa ameshachagua mti.

Pwani yetu ina mkono katika biashara iliyomponza. Kitabu cha mabaharia wa Kigiriki cha takriban miaka 2,000 iliyopita, Periplus, kinataja pembe za kifaru miongoni mwa bidhaa zilizotoka Rhapta, bandari ya kale ya pwani hii. Kwa karne nyingi biashara hiyo haikummaliza. Kilichommaliza ni miaka ya 1970. Mafuta yalipopanda bei, vijana wa Yemen waliofanya kazi Saudia walirudi na fedha za kununua jambia lenye mpini wa pembe ya kifaru, ambalo awali lilikuwa la wakubwa tu. Mashariki ya mbali, waganga wa jadi nao waliitaka kwa dawa. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, lakini majangili hawasomi gazeti rasmi la serikali. Vifaru weusi waliokadiriwa kuwa 20,000 hapa nchini mwaka 1970 walibaki pungufu ya 400 kufikia mwisho wa miaka ya 1980.

Kijana mmoja wa Mombasa aliyaona maangamizi hayo kutoka ndani ya bohari. Michael Werikhe alianza kazi katika ghala la serikali mjini humo, akipanga pembe za ndovu na za vifaru zilizosubiri mnada. Kazi ilimshinda moyoni, akaiacha, akawa mlinzi na mtunza mbwa katika kiwanda cha kuunganisha magari. Desemba 1982 alichukua likizo, akambeba chatu wake aliyemwita Survival, akaishika barabara ya kwenda Nairobi kwa miguu.

Ni karibu kilomita 500 za jua, malori na vumbi. Chatu alikuwa na kazi yake, nadhani: watu hukusanyika bila kuitwa akipita mtu mwenye nyoka, na wakishakusanyika wanaweza kuambiwa habari za kifaru. Barabara hiyo hukata Tsavo, ambako ujangili ulikuwa umepamba moto, kisha Kibwezi na Makindu, katika Kaunti ya Makueni ya leo. Hupita pia Kiboko, penye hoteli aliyoianzisha Hunter uzeeni na ambayo bado inabeba jina lake.

Mwaka 1985 Werikhe alitembea kutoka Kampala, akapitia Tanzania hadi Mombasa. Mwaka 1988 alivuka Ulaya, na 1991 akawa Amerika Kaskazini. Alichangisha fedha nyingi, akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 1990, na muda wote huo alibaki mtu wa Mombasa mwenye mshahara wa kawaida. Agosti 1999 alivamiwa na wahalifu mjini kwake, akafa akiwa na miaka 43. Tuna barabara zenye majina ya watu waliofanya machache kuliko huyu.

Miaka hiyo Werikhe alipokuwa akitembea, vifaru waliosalia walikuwa wakikusanywa ndani ya nyua za umeme: Solio, Lewa, Nakuru na kwingineko. Ua uliwaokoa, hilo halina ubishi. Lakini ua hauhesabu vifaru, wala kuwahamisha pekee hakutoshi. Julai 2018 vifaru 11 walipelekwa Tsavo Mashariki kutoka Nairobi na Nakuru. Kumi walikufa baada ya kunywa maji ya huko yenye chumvi nyingi, na wa mwisho akashambuliwa na simba. Taifa zima lilikasirika, na lilikuwa na haki.

Huko Sera, katika Kaunti ya Samburu, mambo yalifanywa taratibu. Kifaru alikuwa ametoweka kwa zaidi ya miongo miwili pale mwaka 2015 walipoletwa kumi, katika hifadhi ya kwanza ya vifaru weusi kumilikiwa na jamii Afrika Mashariki. Walinzi wake ni vijana wa Kisamburu, Kirendille na Kiborana, ambao babu zao waligombania malisho hayohayo. Tangu 2017 mgeni anaweza kulipa na kumfuata kifaru kwa miguu nyuma yao, wakisaidiwa na kifaa cha mawimbi kilichopachikwa kwenye pembe ya mnyama. Ada ya mgeni inasaidia kulipa mishahara. Mfugaji aliyezuiwa kuingiza ng'ombe ndani ya ua wakati wa ukame ana hesabu yake tofauti, na si vizuri kuificha.

Leo Kenya ina vifaru weusi zaidi ya 1,000. Mapema mwaka 2024 wengine 21 walihamishiwa Loisaba, Laikipia, kwa kuwa hifadhi za zamani zimejaa na madume yanauana yakigombania eneo. Wengi wamekatwa alama masikioni, kila mmoja kwa mpangilio wake, na jina lake limo daftarini. Mlinzi hutoka alfajiri kuwatafuta mmoja mmoja. Akiwepo asiyeonekana kwa siku kadhaa, walinzi hawangoji ndege ya doria. Wanarudi pale alipoonekana mara ya mwisho na kuanza kutafuta wayo.