Pwani Inaishia Wapi?

Kila mwaka, kuanzia katikati ya Desemba, usharika wetu hapa Temeke hupungua. Watu hufungasha mizigo, wengine kwenye magari yao, wengine alfajiri kwenye stendi ya Mbezi Luis, na mji mzima unajua wanakoelekea: Moshi, Bukoba, Mbeya, Njombe, Singida. Katika matangazo tunawaombea wasafiri walio njiani "kwenda nyumbani". Ibada ya Krismasi mabenchi ya nyuma huwa wazi, na kwaya hubaki na sauti ya nne ya mtu mmoja. Kwa miaka mingi hatukujiuliza hawa wanaobaki tunawaonaje. Kama wenzao wamekwenda nyumbani, wao wako wapi?

Swali hilo lilitufikia kwa aibu kidogo. Kamati ya Misheni na Uinjilisti ilileta pendekezo la kupeleka waimbaji na wainjilisti vijiji vya Kisarawe hadi Maneromango, na taarifa yao ilisema kwamba huko ni pwani, shamba ambalo bado halijalimwa. Mzee mmoja wa Kizaramo, ambaye huwa hasemi sana katika vikao, aliomba nafasi. Alisema, "Wanangu, mimi nimebatizwa Maneromango. Baba yangu alibatizwa Maneromango. Hilo shamba mnalokwenda kulima ni la nani?" Tulicheka, kisha tukanyamaza. Kikao kiliahirisha safari, na baadhi yetu tukapewa kazi ya kutafuta historia. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Upo wakati ambapo mpaka wa pwani na bara ulipimwa kwa kipimo. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kwamba Sultani wa Zanzibar, wakati huo Sayyid Barghash, ataachiwa ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi za baharini. Ng'ambo ya hapo, wakubwa hao wawili waligawana wenyewe. Maili kumi za baharini ni kama kilomita 18 na nusu. Ukizipima kutoka bandari ya Dar es Salaam kuelekea kusini magharibi, zinaishia mahali fulani kati ya Gongo la Mboto na Pugu. Maana yake wakazi wa Gongo la Mboto walikuwa wa Sultani, na waliopanda kilima cha Pugu walikuwa bara. Mwaka 1888 kampuni ya Wajerumani ilikodi ukanda huo, watu wa pwani wakainuka na Abushiri bin Salim, vita ikapiganwa, na mwaka 1890 Ujerumani ikalipa marki milioni 4 na kuuchukua kabisa. Mstari ukafa ukiwa na miaka minne.

Lakini angalia yaliyotokea hapo hapo Pugu. Wamisionari Wabenediktini walijenga kituo chao mwaka 1888, na Januari 1889, katika vita ile ile, kituo kikavamiwa. Mabruda wawili na sista mmoja wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka. Sisi ni Walutheri, lakini tunapopita pale hatuwezi kupita kama hatujui.

Watu wenyewe hawakuwahi kutumia maili. Walitumia maneno. Katika miji ya Mrima kama Bagamoyo, aliyevaa kanzu, akaswali na kusema Kiswahili chenye adabu aliitwa muungwana. Aliyetoka bara aliitwa mshenzi. Neno hilo la pili tunalitumia hadi leo tukiwa na hasira, tukisahau kwamba walioitwa hivyo walikuwa babu zetu wenyewe waliobeba pembe za ndovu vichwani. Na Mzaramo je? Kwa mwenye nyumba ya mawe Bagamoyo, Mzaramo wa kijijini alikuwa mtu wa bara tu. Kwa mpagazi wa Kinyamwezi aliyekuwa ametembea miezi mitatu, Mzaramo yule yule alikuwa ndiye pwani, tena pwani yenye kudai hongo. (Hongo zamani hizo haikuwa rushwa, ilikuwa ushuru wa kupita katika nchi ya mtu, na kila msafara uliujua.) Njia hiyo ya misafara ndiyo iliyotuachia utani wa Wazaramo na Wanyamwezi, ambao bado unatusaidia misibani.

Mkanganyiko huu haujaisha. Kwa Mzanzibari, sisi wa Temeke ni watu wa Bara, na Katiba iko upande wake. Kwa ndugu zetu wa Kilimanjaro, sisi sisi tumeshakuwa watu wa pwani, wavivu na wapenda mdundiko. Serikali nayo ina Mkoa wa Pwani unaofika Chalinze, ambako mtoto anaweza kukua bila kuyaona mawimbi. Kwa upande mwingine, Ujiji iko karibu kilomita elfu moja kutoka baharini, lakini ukifika utakuta miembe, misikiti na Kiswahili, vyote vilivyopanda na misafara. Pwani ilisafiri. Na bara nayo ilishuka: reli iliyoanzia Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo watu hawajaacha kuteremka. Hata mlango wa kuingilia umehama. Mabasi ya mikoani yaliwahi kuishia Kisutu, yakasogezwa Ubungo, na tangu mwaka 2021 yanaishia Mbezi Luis. Upande wa Kinondoni mpaka unaweza kuvukwa kwa miguu: Kunduchi ni kijiji cha kale cha wavuvi chenye makaburi ya mawe ya karne zilizopita, na dakika chache kutoka hapo ni nyumba za ghorofa za Mbezi Beach ambazo wenyewe wengi huzikwa Moshi.

Sasa tuje kwenye kanisa letu, kwa kuwa hapa ndipo tulipokosea zaidi. Wengi wetu tuliamini kwamba Ulutheri uliletwa Dar es Salaam na watu wa bara waliokuja kutafuta kazi, kwamba sisi ndio tuliobeba injili kwenye masanduku ya mbao pamoja na blanketi. Sivyo. Misheni ya Berlin ilianza kazi hapa mwaka 1887, wakati mji ulikuwa mdogo na baadhi ya majengo ya Sultani Majid yamegeuka magofu. Mmisionari Greiner alifungua Kisarawe mwaka 1892, na Maneromango ikafuata mwaka 1895. Miongoni mwa Wakristo wa kwanza walikuwepo watumwa waliokombolewa, yaani watu wa bara ambao pwani iliwanunua, na pamoja nao Wazaramo wenye nchi. Vita Kuu ya kwanza ilipowaondoa wamisionari wa Kijerumani, aliyeongoza Walutheri wa Uzaramo alikuwa Martin Ganisya, mwalimu ambaye utotoni alikuwa mtumwa. Na mwaka 1963 makanisa saba yalipoungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, mojawapo lilikuwa Kanisa la Uzaramo na Uluguru. Dayosisi yetu inaitwa ya Mashariki na Pwani. Tumeimba jina hilo kwenye sherehe bila kulisikia.

Kisha ipo lugha. Mama zetu waliomba kwa Kichaga, Kihaya, Kinyakyusa, na walipofika mjini wakaanza kuomba kwa Kiswahili kwa kusitasita. Hebu tazama maneno waliyopewa: imani, dhambi, neema, rehema, toba, ibada, sadaka, baraka, malaika, nabii, madhabahu, msalaba. Kanisa lenyewe. Askofu na shemasi. Hata usharika. Yote yameingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na mengi ya hayo mwambao uliyazoea kwa karne nyingi kabla Krapf hajashuka Mombasa mwaka 1844 au Steere hajafika Zanzibar miaka ishirini baadaye. Watafsiri wa Biblia hawakuyatunga. Waliyakuta yanasemwa, na kwa sehemu kubwa yalisemwa na Waislamu. Biblia ya mwaka 1952 tunayoishika kila Jumapili ni kazi ya pwani kwa kiasi ambacho hatupendi kukubali. Tukitaka kuwa watu wa bara kabisa, itabidi tumwombe Mungu bila neno "neema".

Petro naye alijulikana kwa lafudhi. Usiku ule, penye moto, wenyeji wa Yerusalemu walimsikia akisema na wakajua ni Mgalilaya, mtu wa kule mikoani. Kila tunapomcheka mhubiri anayechanganya "r" na "l", tunakaa upande wa wale waliokuwa wakiota moto.

Kuna jambo ambalo tungependa kuliruka, lakini wenzetu waliosoma rasimu walikataa. Oktoba 2012, ugomvi wa watoto wawili kuhusu Msahafu ulikua mpaka makanisa yakachomwa na kuharibiwa Mbagala. Siku zile tulisikia, na wengine wetu tulisema, "hawa watu wa pwani". Tulisema hivyo mbele ya washarika ambao ni watu wa pwani, waliokuwa wamekaa nasi benchi moja wakiogopa kama sisi. Hakuna aliyewaomba radhi. Tulikuwa tumegeuza mpaka wa dini kuwa mpaka wa kabila, na ndani ya mpaka huo tukawafungia nje watu wetu wenyewe.

Hata hivyo, mji huu unakumbuka mambo mengine pia. Mwalimu Nyerere alikuwa Mkatoliki kutoka Butiama, akifundisha Pugu, huko huko mstari wa Sultani ulikoishia. Waliompokea mjini walikuwa akina Sykes wa Kariakoo, na aliyewaita wanawake wajiunge na TANU alikuwa Bibi Titi Mohamed, mtoto wa Dar es Salaam. Wazee wa pwani walimkabidhi mtu wa bara chama chao, nao hawakumwuliza atazikwa wapi.

Kuzikwa ndiko, kwa maoni yetu, mpaka ulikobaki. Mtu anaishi Mbagala miaka arobaini, anajenga, anasomesha, anakuwa mzee wa kanisa. Akifa tunachanga fedha ya gari na jeneza linapanda Chalinze. Hatusemi ni vibaya. Lakini Ibrahimu, mgeni katika nchi ya Wahiti, alinunua kwa fedha halali shamba la kumzikia Sara, na tangu siku hiyo nchi ile ilikuwa na kaburi lake. Wazaramo wenzetu wanatutazama tukiondoka na wafu wetu, na wanajua kwamba sisi ni wapangaji.

Safari ya Maneromango tuliifanya baadaye, si kama misheni bali kama wageni. Tulibeba mchele na sukari, tukaimba, tukalishwa. Mzee wetu alitupeleka kwenye kaburi la baba yake, akang'oa majani, akakaa kimya kitambo. Hatukuhubiri.

Jioni tulirudi kwa njia ya Kisarawe. Tulipoanza kuteremka Pugu na taa za mji zikaonekana, dereva wetu, ambaye ni Mnyamwezi wa Tabora, alisema kwa sauti, "Haya, sasa tumeingia pwani." Mzee akampiga begani. "Punguza mwendo, mtani. Hapa babu yako alikuwa analipa hongo." Dereva akajibu kwamba babu yake alilipa mara mbili, na risiti hakupewa. Walibishana juu ya deni hilo mpaka Gongo la Mboto.