Vitasa vya Masanduku ya Pikipiki Katika Nyanda za Rhotia

Msafiri atokaye Mto wa Mbu, akiisha kuupanda ukingo wa Bonde la Ufa na kuliacha Ziwa Manyara chini kule nyuma yake, hufika Rhotia, kata ya Karatu yenye udongo mwekundu na mashamba ya ngano, mahindi na maharage yalimwayo aghalabu na Wairaqw. Na ikiwa amekuja kwa pikipiki, hana budi kuiacha huku juu, kwa kuwa mgeni haruhusiwi kuingia nayo katika Hifadhi ya Ngorongoro, iliyoanzishwa mwaka 1959. Hupanda gari kwenda kuitazama kreta, na chombo chake, pamoja na masanduku mawili matatu yaliyofungwa ubavuni na nyuma, hubaki kuwa amana mikononi mwa wenyeji. Kwa ajili hiyo kitasa cha sanduku la pikipiki, kitu kidogo kisichozidi kidole gumba, kimepata hadhi kubwa katika nyanda hizi.

Ada ya kuitia mali sandukuni na kuifungia ufunguo ilitangulia zamani sana huko pwani, ambako kasha la mbao lililopambwa kwa misumari ya shaba lilikuwa fahari ya nyumba, na makasha mengi yaliletwa kwa majahazi kutoka Bara Hindi. Mwaka 1861 Linus Yale wa Marekani alipata hataza ya kitasa chenye pini ndogo ndani ya kiini kinachozunguka, akiifuata asili ileile ya vitasa vya mbao vya Misri ya kale. Na mwaka 1897 Ardeshir Godrej akaanza kutengeneza kufuli mjini Bombay. Tangu hapo ufunguo mdogo wenye meno ukaweza kuchukuliwa mfukoni na mtu yeyote mwenye mali ya kuihifadhi.

Pikipiki zilipozidi kuwa nyingi, hasa baada ya kanuni za mwaka 2010 kuhalalisha ubebaji wa abiria kwa chombo hicho, sanduku la nyuma nalo likazoeleka, na maradhi yake yakajulikana. Adui wa kwanza ni vumbi. Ijapokuwa barabara kuu ya kutoka Makuyuni ilitiwa lami mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa msaada wa Japani, njia za vijijini zingali za udongo, na udongo ule laini hupenya tundu la ufunguo, ukachanganyika na mafuta aliyoyatia mwenyewe kwa nia njema, ukawa tope lishikalo vibati vyembamba vilivyomo ndani visiweze kupanda wala kushuka. Hapo mwenye haraka huukaza ufunguo, nao hukatika. Fundi mwenye subira huchukua kipande chembamba cha msumeno wa chuma, akakiingiza kando ya ufunguo uliokatika, akaunasa kwa meno yake na kuuvuta taratibu; kisha hukisafisha kitasa kwa petroli, na badala ya mafuta hutia unga wa penseli, usioshika vumbi.

Ufunguo ukipotea kabisa, hukitoa kiini, akavitazama vibati kimoja kimoja, akachonga ufunguo mpya kwa tupa mpaka kila kibati kilingane na uso wa kiini. Kuking'oa kitasa na kutia kipya ni kazi nyepesi zaidi, walakini mwenye masanduku matatu huondoka na funguo mbili tofauti, na kitasa cha bei rahisi aghalabu hakimalizi msimu wa mvua. Kwa insafu, anayekarabati ndiye anayestahili ujira mkubwa.

Hata kilichokufa hakitupwi. Upande wa Ziwa Eyasi, katika wilaya hiihii, wahunzi wa Kidatoga huyeyusha shaba ya makufuli na mabomba makuukuu, wakafua bangili, na kwa chuma chakavu hufua vyembe vya mishale wanavyobadilishana na Wahadzabe kwa asali.

Fundi wa vitasa hupewa ufunguo wa mali ya mtu asiyemjua, naye huweza kuchonga wa pili bila ya mwenyewe kupata habari. Uaminifu wake, basi, ni sehemu ya ufundi wenyewe. Vyuo vya ufundi stadi vinavyofundisha uashi, useremala na umakanika na viifundishe kazi hii pia, na fundi anayeijua asiache kuchukua mwanafunzi.