Asilimia 40 ya jimbo: nani anashika mlango wa sanduku?

Katiba ya nchi yetu, iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006, inasema mambo mawili katika kifungu cha 175. La kwanza: sehemu ya mapato ya taifa inayopewa majimbo ni asilimia 40. La pili: sehemu hiyo inakatwa kwenye chanzo. Karibu kila mtu anayefuata mambo ya siasa analijua lile la kwanza. Lile la pili ndilo lenye uzito, na ndilo ambalo halikutekelezwa jinsi lilivyoandikwa.

Kukatwa kwenye chanzo maana yake ni hii. Feza inapoingia, tuseme kwenye forodha ya Kasindi au ya Ruzizi, sehemu ya majimbo inatengwa palepale kabla ya mengine kwenda Kinshasa. Hakuna waziri wa kuombwa, hakuna barua ya kukumbusha. Lakini tangu mabunge ya majimbo yalipoanza kazi mwaka 2007, njia inayofuatwa ni nyingine. Mapato ya taifa yanapanda hadi kwenye hazina ya Serikali kuu, kisha Kinshasa inatuma kiasi fulani kwa wakati wake. Viongozi wanaita jambo hilo retrosesyo, yaani kurudishiwa. Katiba haikusema majimbo yarudishiwe. Ilisema yabaki na kilicho chao.

Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka uitazame kutoka kwenye kiti cha mbunge wa jimbo. Kwa sheria, yeye ana mamlaka makubwa. Kifungu cha 171 kinasema feza za Serikali kuu na feza za majimbo ni mbali mbali. Kifungu cha 197 kinalipa bunge la jimbo uwezo wa kutunga sheria za jimbo, zinazoitwa edi, na wa kuichunguza serikali ya jimbo. Kifungu cha 204 kinaorodhesha mambo yanayohusu jimbo peke yake, na katika orodha hiyo kuna kodi tatu zilizotajwa kwa jina: kodi ya viwanja na majengo, kodi ya mapato ya nyumba za kupangisha (ile ambayo watu wa mjini wanaijua kwa herufi IRL), na kodi ya magari. Kila mwaka, katika kikao cha Septemba, wabunge wanapokea bajeti ya gavana, wanaijadili na kuipiga kura. Hayo ni mamlaka ya kweli, lakini yana mipaka miwili.

Mpaka wa kwanza unatoka kwenye kifungu cha 174: kodi haiwezi kuwekwa ila kwa sheria. Bunge la jimbo haliwezi kuamka asubuhi na kubuni kodi mpya juu ya mihogo. Orodha ya kodi na ushuru ambao majimbo, miji, komini, sekta na sheferi zinaruhusiwa kudai imepangwa kwa maandishi yenye nguvu ya sheria ya taifa, ya tarehe 13 Machi 2018. Kisichokuwamo katika orodha hiyo hakina haki ya kudaiwa, hata kama karatasi yake ina muhuri mzuri.

Mpaka wa pili hauandikwi mahali popote. Ni kwamba bunge linapiga kura juu ya feza ambazo halizishiki. Bajeti ya jimbo inaandikwa na safu kubwa ya mapato yanayotazamiwa kutoka Kinshasa. Mwaka unapita. Kinachofika ni sehemu tu, na mara nyingi kimechelewa. Basi gavana anachagua ni lipi litakalofanywa na ni lipi litakaloachwa, na kura ya wabunge inageuka kuwa orodha ya matumaini. Mbunge anarudi kwa watu wake akiwaambia kwamba daraja lilikuwamo katika bajeti. Hasemi uongo.

Wapendwa, hapa inafaa kuhesabu kidogo. Tuchukue franka 100 za mapato ya taifa. Kwa Katiba, 40 ni za majimbo. Halafu sheria ya Oktoba 2008 juu ya miji, komini, sekta na sheferi inasema nazo zina haki ya asilimia 40 ya kile ambacho jimbo limepokea. Asilimia 40 ya franka 40 ni franka 16. Jimbo linabaki na 24. Franka 16 hizo zingepaswa kugawanywa kwa kutazama idadi ya watu, ukubwa wa eneo na uwezo wa kuzalisha mali. Ukiishi katika sheferi, jiulize ni lini ulisikia mwami au katibu wake akisoma mbele ya watu hesabu ya hizo 16. Lakini usimlaumu mwami haraka: kama Kinshasa haikutuma 40 kamili, jimbo halina 16 za kutuma.

Tena kwenye sekta na sheferi hakuna baraza lililochaguliwa. Katiba ilitaka mabaraza hayo, sheria ya 2008 iliyapanga, na tangu 2006 wapiga kura hawajaitwa hata mara moja kuyachagua. Kwa hiyo hata senti inayofika inatumiwa bila mtu wa kuuliza.

Kuna mahali pamoja ambapo kukatwa kwenye chanzo kunafanyika, nako ni kwenye madini. Kanuni ya migodi iliyorekebishwa Machi 2018 inagawa mrabaha hivi: asilimia 50 kwa Serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa sekta, sheferi au komini ambamo mgodi upo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Jambo jipya lililoletwa mwaka ule halikuwa tu ule mfuko. Kampuni yenyewe inalipa kila mmoja sehemu yake moja kwa moja, bila kuzunguka kwenye hazina. Matokeo yanaonekana katika sheferi za Lualaba na Haut-Katanga, na upande wetu wa mashariki kwenye mgodi wa dhahabu wa Kibali, teritwari ya Watsa. Baadhi ya sheferi zilijikuta na feza ambazo hazikuwahi kuziota, na ugomvi mpya ukaanza: nani anazisimamia, mgodi uko hasa ndani ya mipaka ya nani, mbona shule haijajengwa bado. Ugomvi huo ni afadhali kuliko ukimya, kwa sababu watu wanagombania feza wanayoiona. Nao unaonyesha kwamba wanaosema kukata kwenye chanzo ni kazi isiyowezekana kwa upande wa mashini na mabenki wanatafuta udhuru.

Lakini Kinshasa ina hoja moja nzuri, na si haki kuificha. Mapato ya taifa hayaingii kwa usawa. Yanaingia zaidi Kinshasa penyewe, bandarini Matadi katika Kongo Central, na kwenye migodi na forodha za Katanga ya zamani. Kama kila jimbo lingebaki na asilimia 40 ya kile kilichokusanywa kwenye ardhi yake, majimbo machache yangekula vizuri, na Maniema, kwa mfano, ingebaki ikiangalia. Walioandika Katiba walilifikiria jambo hilo. Kifungu cha 181 kinaunda Mfuko wa taifa wa kusawazisha majimbo, unaopaswa kupata asilimia 10 ya mapato yote ya taifa kila mwaka ili kujenga mahali palipobaki nyuma. Sheria ya kuupanga mfuko huo ilipatikana mwaka 2016, miaka kumi baada ya Katiba. Mtu hawezi kukataa kukata kwenye chanzo kwa kusema kutaleta usawa mbaya, huku ile dawa ya usawa ameiacha kabatini.

Katikati ya hayo yote, mwaka 2015 majimbo 11 yakawa 26. Orientale ikazaa manne: Ituri, Tshopo, Haut-Uele na Bas-Uele. Katanga nayo ikazaa manne. Kivu zote mbili na Maniema hazikuguswa. Maana yake ni magavana 15 zaidi, mabunge 15 zaidi, magari na mishahara, wakati chungu kilikuwa kile kile.

Shule ni jambo linalotuhusu sisi kwa karibu zaidi. Katika orodha ya kifungu cha 204, elimu ya watoto wadogo, ya msingi na ya sekondari ni kazi ya jimbo, kwa kufuata kanuni za Serikali kuu. Shule zetu za Kiprotestanti zenye mkataba na Serikali zingepaswa basi kuongea na gavana na bunge la jimbo. Lakini mwalimu analipwa na Kinshasa, orodha ya walimu inashikwa Kinshasa, na mishahara ya watumishi walio majimboni inahesabiwa na Serikali kuu kama sehemu ya kile ilichotoa kwa majimbo. Kwa karatasi, jimbo limepokea. Kwa kweli, feza hiyo haikupita mkononi mwake hata saa moja. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa ya bure mwezi wa Septemba 2019, watoto waliongezeka, na primu ya wazazi ikaondoka. Walimu wa NU, wale wa shule au darasa zilizofunguliwa ambao hawajaingizwa kwenye malipo, wakabaki wakifundisha kwa imani. Mkuu wa shule anayemlilia gavana anajibiwa kwamba jambo hilo ni la Kinshasa. Akilipeleka Kinshasa, anaambiwa elimu ni ya jimbo. Wote wawili wana kifungu cha kumwonyesha.

Jimbo lisilopata sehemu yake linatafuta pengine. Linatafuta kwa yule asiyeweza kukimbia. Mama anayetoka Minova na nyanya, kijana wa pikipiki, mwenye duka dogo la chumvi na sabuni: hao ndio wanaolipa pengo kati ya 40 ya Katiba na kile kinachofika. Bariera zinaongezeka, tikiti za soko zinapanda, huduma mbalimbali zinamdai mtu mmoja kwa mzigo mmoja. Mahubiri yetu juu ya kodi ya Kaisari huwa hayaulizi ni Kaisari yupi, ingawa kwetu wako watatu, na kila mmoja ana sanduku lake. Risiti ya DGI, DGDA au DGRAD ni ya Serikali kuu. Ya DGR-NK katika Kivu ya Kaskazini, au ya DPMER katika Kivu ya Kusini, ni ya jimbo. Ya sheferi ni ya sheferi. Na pasipo risiti hakuna Kaisari hata mmoja.

Mabunge yenyewe hayakusaidia sana. Chombo kikubwa cha mbunge ni kuangalia hesabu za mwaka uliopita kabla ya kupitisha za mwaka ujao. Mara nyingi kazi hiyo ya kuchosha imeachwa, na kilichopendwa ni kumwangusha gavana, jambo linaloleta mazungumzo ya usiku na bahasha. Halafu marekebisho ya Katiba ya Januari 2011 yalimpa Rais wa nchi uwezo wa kulivunja bunge la jimbo na kumwondoa gavana wakati wa mgogoro mkubwa. Tangu hapo, gavana anajua kwamba macho yanayomtazama kutoka juu yana nguvu kuliko yale yanayomtazama kutoka ukumbini.

Na kwetu, hata ukumbi wenyewe ulifungwa. Tarehe 6 Mei 2021 hali ya dharura ilianza katika Ituri na Kivu ya Kaskazini: magavana wakawa wanajeshi, na kazi za mabunge ya majimbo hayo mawili zikasimamishwa. Kodi hazikusimamishwa. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ikaingia mikononi mwa M23, na Februari ikafuata Bukavu. Huko wenye silaha ndio wanaokusanya forodha na ushuru, na hakuna mtu aliyepigiwa kura wa kuwauliza feza inakwenda wapi. Mfanyabiashara analipa kama kawaida, wakati mwingine mara mbili kwa bidhaa ile ile, upande huu na upande ule wa mstari wa vita.

Jirani zetu wa Kenya, wanaoliita jambo hili ugatuzi, walichagua njia nyingine katika Katiba yao ya 2010. Kaunti 47 zinahakikishiwa asilimia 15 tu ya mapato ya taifa, kwa kiwango cha chini kabisa, na zinaruhusiwa kutoza kodi ya ardhi na majengo na ya burudani. Asilimia 15 mbele ya 40 yetu ni kidogo sana. Lakini kila mwaka inatungwa sheria inayosema kila kaunti itapata kiasi gani, na yupo msimamizi wa bajeti ambaye bila ruhusa yake feza haitoki. Kule pia kaunti zinalalamika kwamba feza inachelewa. Tofauti ni kwamba gavana wa kule anajua kiasi anachodai, na mwananchi naye anakijua.

Kwa makanisa yaliyo mahali ambapo bunge la jimbo bado linakutana, kama Tshopo, Maniema, Haut-Uele au Tanganyika, edi ya bajeti si siri. Ni sheria kama sheria nyingine, na tume ya haki na amani ya kanisa inaweza kuiomba kwa mbunge wa eneo lake. Anayeisoma atafute kwanza safu mbili: kilichotazamiwa kutoka Kinshasa mwaka uliopita, na kilichopokelewa. Kisha atafute mstari wa teritwari yake. Kikao cha bajeti kikifunguliwa Septemba, barua ya kuomba hati hiyo inafaa iwe imefika mezani Agosti.